Uso wa Bati

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo raia wake walikuwa na bahati kuliko watu wote duniani, na kama wakisahau, redio iliwakumbusha. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Mlezi Mkuu, na kwa kuwa Mlezi Mkuu ndiye aliyetoa mvua, barabara na amani, hapakuwa na ubishi kwamba ndiye aliyetoa pia intaneti.

Mwanzoni sheria ilikuwa nyepesi. Kila nyumba yenye ruta, yaani kile kidude cha kusambazia intaneti bila waya, ilitakiwa kutundika picha ya Mlezi juu yake, ili mawimbi yapite mbele ya macho yake kabla ya kumfikia raia. Picha ilikuwa ya karatasi. Kisha mchwa wa mkoa mmoja wa kusini wakala sikio la kushoto la Mlezi nyumbani kwa mwalimu mmoja, na mwalimu akafungwa kwa kosa la kushindwa kuwadhibiti mchwa. Wizara ya Mawimbi na Shukrani ikakaa, ikatafakari, ikatoka na jibu: bati. Tena si bati la kutundika, maana kinachotundikwa huanguka. Liwe sanduku la bati lililofungwa pande zote, mbele lina sura ya Mlezi akitabasamu, na ruta ikae ndani yake kama moyo ukaavyo kifuani. Nyuma pakaachwa tundu moja la kupitishia waya. Kiwanda cha masanduku kilikuwa cha shemeji yake Waziri, jambo lililorahisisha mawasiliano.

Tangu siku hiyo intaneti ya nchi ile ikawa dhaifu. Wizara ilitafuta chanzo kwa bidii. Ilichunguza nyaya, mawingu, popo na mabeberu. Sanduku halikuchunguzwa, kwa sababu kulichunguza kungehitaji kulitazama kwa mashaka, na sheria ilitaka litazamwe kwa shukrani.

*

Mtu mmoja wizarani alikijua chanzo, na ndiye aliyelipwa mshahara akijue. Dokta Zakaria Mbwilo, Mtaalamu Mkuu wa Mawimbi, alisomeshwa ng'ambo kwa kodi ya wananchi, na tasnifu yake ilithibitisha kwa vipimo na michoro kwamba mawimbi hayapenyi bati. Neno "labda" halikuwamo ndani yake. Waziri alipenda kuitaja hadharani; aliiita utafiti mashuhuri juu ya uhusiano mwema kati ya bati na mawimbi, na kila alipoiita hivyo Dokta Mbwilo aliinuka nusu, akainamisha kichwa, akakaa. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu anayesubiri wakati ufaao, na katika nchi ile wakati ufaao ulikuwa na tabia ya kuingia kikaoni pamoja na chai na kutoka pamoja na vikombe.

Nyumbani kwake waliishi watu kumi na mmoja, na wote walitaka mawimbi. Mkewe, Mama Atupele, aliuza keki kwa simu, na oda iliyochelewa kusomwa ilihamia kwa mwokaji mwingine. Mama mkwe, Bibi Tabitha, alifuatilia ibada za makanisa matatu yasiyosalimiana. Wapwa walikuwa wakisoma, au walisema wanasoma. Na Atupele, binti yake wa kwanza, alikuwa ameitwa kwenye usaili wa chuo cha ukunga cha nchi jirani. Usaili ungefanyika kwa video. Nafasi ilikuwa moja kwa nchi nzima, na chuo kilisema wazi kwamba mwombaji atakayekatika katikati hatapigiwa tena.

Ni wiki hiyo hiyo ruta ya zamani ilipoungua. Dokta akavaa koti, akaenda dukani.

Alikwisha piga hesabu kichwani, akafurahi jinsi ilivyokuwa rahisi. Nyumba ya vyumba vitano, kuta za matofali, watu kumi na mmoja: ruta ndogo ya pembe mbili, yaani antena mbili, ile ya bei ya chini kabisa, ingetosha na kubaki, mradi iwekwe katikati ya nyumba, juu kidogo, mahali pa wazi. Hapakuwa na kitu ambacho pembe nane zingewafaa na mbili zisiwafae. Neno lenye uzito katika hesabu hiyo lilikuwa "mradi", na Dokta alilipita haraka kama mtu anavyoupita mlango wa anayemfahamu na asiyetaka kumwamkia.

Muuza duka la wizara hakumuuliza idadi ya vyumba wala ya watu. Aliuliza, "Uso gani, mheshimiwa? Tuna Uso Mdogo, Uso wa Kati na Uso Kamili."

Maana ndivyo ruta zilivyochaguliwa katika nchi ile. Kadiri pembe zilivyokuwa nyingi ndivyo sanduku lilivyokuwa kubwa, na sura ya Mlezi nayo ikakua. Hakuna aliyeuliza tena kasi. Washenga waliokwenda kuposa waliulizwa na wakwe kwao kuna uso gani, na familia moja ya Uso Mdogo ilirudishwa na mahari yake mkononi.

Mbele yake kwenye kaunta alikuwa amesimama jirani yake, Bi Mwajabu, fundi cherehani mjane aliyelea wajukuu sita, akifungiwa Uso Mdogo. Alieleza bila kuulizwa kwamba wateja siku hizi hawaji na vitambaa na maneno, wanatuma picha za mishono, na asiyeona picha anashona magunia. Kisha akamgeukia Dokta.

"Na wewe mtu wa mawimbi, chukua hiki hiki twende. Si ndicho wanachotumia wenye akili?"

Dokta Mbwilo alifungua kinywa kukubali, kwa kuwa ndicho hasa. Muuza duka akacheka kabla yake. Akamwambia Bi Mwajabu kwamba huyu ndiye aliyelitafiti bati lenyewe mpaka wazungu wakampa udokta. Atambebaje Mlezi wa ukubwa wa kipande cha sabuni? Watu waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka, si kwa ubaya, kwa namna tu ya watu wanaosubiri kuona mtu atachukua nini. Dokta akaisikia sauti yake ikiagiza Uso Kamili, pembe nane. Fedha aliyolipia ilikuwa ya jiko jipya la keki la mkewe. Muuza duka akampigia saluti, naye akaipokea.

*

Uso Kamili uliingia ndani kwa mabega ya wanaume wanne. Televisheni ilihamishwa, kabati la vyombo likasogezwa, na tabasamu la Mlezi likajaa ukuta kutoka dirisha hadi mlango. Bibi Tabitha alisema meno ya namna ile aliyaona mara ya mwisho kwa farasi, kisha akaomba asinukuliwe.

Pembe nane zilikuwa na mlango mmoja tu, lile tundu la waya, upana wa kidole gumba. Mawimbi yaliyoweza kutoka yalitokea hapo, yakafia hatua moja kutoka ukutani. Basi nyumba ikajipanga kwa zamu. Mama Atupele alipokea oda akiwa amechuchumaa nyuma ya sanduku, unga mikononi. Wapwa walisukumana kama ndama kwenye chuchu moja. Bibi Tabitha alipiga magoti, akaegemeza simu na paji la uso kwenye bati, akasikiliza mahubiri. Kwa aliyetazama kutoka dirishani, picha ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mjumbe wa mtaa, Bwana Kasimbazi, mtu mwenye filimbi shingoni na macho yanayochungulia kila mahali, alipita akaiona, na kwenye mkutano wa mtaa akaisifu nyumba ya Dokta kuwa ndiyo pekee inayosujudu bila kukumbushwa.

Mama Atupele alimuuliza mumewe kuna nini humo ndani. Alijibiwa kwamba pembe mpya huhitaji muda wa kuizoea nyumba. Mama Atupele alimtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka mingi, na hakuwahi kumsikia akizungumzia vyombo kana kwamba ni wageni.

Siku ya usaili Atupele alivaa blauzi iliyopigwa pasi na kupiga magoti nyuma ya sanduku. Sura tatu za walimu zikatokea kwenye simu, zikamsalimu, zikaganda midomo wazi. Zikarudi, zikauliza swali, likaja nusu. Dokta Mbwilo alikuwa amesimama pembeni, mkono mfukoni, na mkononi alikuwa na bisibisi. Sanduku lilifungwa kwa skrubu nne. Hakuhitaji tasnifu kuzihesabu. Angezifungua kabla chai haijapoa, akaiweka ruta juu ya meza, na binti yake angeonekana mpaka kope. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya njia Bwana Kasimbazi alikuwa ameketi kwenye benchi la muuza kahawa, akitazama upande ule ule kwa mapenzi.

"Sogea karibu na tundu," alisema Dokta.

"Baba, nimekwisha gandamiza kichwa kwenye bati."

Atupele alimsubiri baba yake aseme neno jingine. Lilipokosekana, akachukua simu na kutoka mbio, peku, blauzi yake nyeupe ikipepea, mpaka nyumba ya jirani.

*

Kwa Bi Mwajabu ruta ilikuwa juu ya kigoda kirefu kando ya cherehani, wazi, uchi kama siku ya kuzaliwa kwake, taa zake za kijani zikipepesa. Haikuwa ujanja wala upinzani. Paa lake lilikuwa linavuja juu ya cherehani, bati la dukani lilikuwa ghali, na nyumbani kwake tayari palikuwa na bati zuri, zito, lisiloshika kutu, limekaa bure likizunguka kidude. Akalikunjua kwa nyundo, akamshonea suruali kijana wa kuezeka, na kijana akalipigilia juu ya paa. Sura ilielekezwa juu, kwa heshima. Mlezi Mkuu alilala kifudifudi kwa watu wa chini na chali kwa ndege, akitabasamu kwa mawingu.

Walimu walikuwa bado hawajakata, na kutoka hapo usaili ukafika mwisho wake bila kuganda tena. Atupele akarudi nyumbani uso ukimng'aa, na alipopita mbele ya Uso Kamili akasimama, akautazama, akalitazama bati lake, kisha akamtazama baba yake. Alikuwa na swali. Akalimeza, maana alilelewa vizuri.

Kilichofuata kilikuwa cha lazima. Mtaa mzima uligundua kwamba ukiegemea ukuta wa Bi Mwajabu simu hupata uhai. Watu wakaja na vigoda. Wakaja wachumba, wanafunzi, wenye ndugu ughaibuni. Akaja na muuza kahawa mwenyewe, na wateja wake wakamfuata, na Bwana Kasimbazi akabaki peke yake kwenye benchi. Mtu aliyebaki peke yake hufikiri. Akapuliza filimbi, akaingia kwa Bi Mwajabu, akaiona ruta bila Mlezi, akauliza Mlezi yuko wapi, akaonyeshwa juu kwa kidole.

Mwendesha mashtaka wa Baraza la Mawimbi alipata shida kidogo kutafuta kosa. Kumharibu Mlezi hakukufaa, kwa kuwa hakuwa ameharibika. Alikuwa aking'aa kuliko wakati wowote. Kumshusha hakukufaa kwa sababu zilizo wazi. Hatimaye akili kubwa ikafanya kazi yake. Mawimbi ni mali ya taifa, na mali ya taifa hugawanywa sawa. Ikiwa nyumba zote za mtaa zina mawimbi dhaifu na nyumba moja ina mawimbi tele, tena yenye ruta ya pembe mbili ya bei ya chini, basi hesabu ni nyepesi: nyumba hiyo imeyavuta ya wenzake. Bi Mwajabu akashtakiwa kwa wizi wa mawimbi, na nyumba iliyoibiwa zaidi, kwa mujibu wa hati, ilikuwa ile yenye pembe nane.

Hivyo Dokta Mbwilo akaitwa mara mbili: kama mhasiriwa na kama mtaalamu.

*

Asubuhi ya shauri Katibu Mkuu wa Wizara alimpigia simu. Hakumtisha. Alimuuliza hali ya familia, akampongeza kwa usaili wa binti, akasema kwamba pasi za kusafiria za wanafunzi zilikuwa zikipita mezani kwake, na kwamba yeye binafsi alipenda sana elimu. Kisha akamtakia shauri jema. Dokta alibaki ameshika simu. Alijaribu kujiambia kwamba sasa anafanya kwa ajili ya mtoto, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, akaipima sababu hiyo na kukuta haifiki: alikuwa amekwisha amua kabla simu haijalia.

Ukumbi ulijaa. Atupele alikaa safu ya pili. Kwanza alisimama Waziri mwenyewe, akasema kwamba taifa linaloweza kumlinda mnyonge dhidi ya wimbi ni taifa lililokomaa; kwamba wapo wanaouliza kwa nini tupo nyuma, na yeye huwajibu kwamba mchungaji mwema hutembea nyuma ya kundi. Alipigiwa makofi. Ndipo Bi Mwajabu akaulizwa ana la kusema.

"Nilimweka juu," alisema. "Sijui wenzangu mnamweka wapi. Na tangu awe juu hatulowi. Kama amekuja kulalamika kwamba analowa yeye, mniambie, nitamshonea koti."

Vicheko vilianza nyuma ya ukumbi vikazimwa na filimbi. Bi Mwajabu akaongeza kwamba kidude alikinunua kwa fedha yake, mbele ya Dokta huyu huyu, na kama kina wizi ndani basi kiliuzwa nao. Kisha akakaa na kutazama mbele kwa utulivu wa mtu ambaye shahidi wake ni msomi.

Dokta Mbwilo akapanda kizimbani. Mwendesha mashtaka akalikumbusha Baraza cheo chake na tasnifu yake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nchini mtu akamwuliza, mbele ya watu, lile swali ambalo maisha yake yote yalikuwa jibu lake. Je, kuondoa sanduku kunaweza kuwa ndicho kilichompa mama huyu mawimbi mengi? Je, bati linazuia mawimbi?

Wakati ufaao ulikuwa umefika. Haukuja na chai. Alijikuta anaijua sentensi nzima, na ukurasa wake, na rangi ya mchoro uliokuwa chini yake. Akaomba maji. Akanywa. Mbele yake, safu ya pili, Atupele alikuwa ameinama kidogo mbele kama alivyokuwa akiinama utotoni alipofundishwa kusoma.

"Bati la kawaida," alisema Dokta Mbwilo, "huzuia mawimbi. Bati hili si la kawaida."

Makofi yaliyolipuka yalikuwa makubwa kuliko ya Waziri, na Waziri alionekana kuliona hilo. Karani alimwomba arudie ili aandike sawasawa. Akarudia. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na hicho ndicho kilichomwumiza kuliko ya kwanza.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Bi Mwajabu hakufungwa, kwa sababu ya umri. Mlezi ashushwe kutoka paani, anyooshwe, asafishwe, arudishwe kiwandani. Na ruta, kwa kuwa ndimo mawimbi ya wizi yalimohifadhiwa, ikabidhiwe kwa nyumba iliyoibiwa zaidi.

Mlangoni walikutana, yeye na Bi Mwajabu, umati ukiwasukuma bega kwa bega. Dokta alikuwa ameandaa maneno, yalikuwa marefu. Bi Mwajabu hakuyasubiri. Aliuliza jambo moja, kama chuo kimekwisha jibu. Dokta akasema kimejibu, jana, Atupele amepata.

"Basi kidude hakikuibwa bure," alisema Bi Mwajabu, akajifunga kitenge vizuri na kwenda zake.

*

Ruta ya pembe mbili ililetwa nyumbani na Bwana Kasimbazi, ikiwa juu ya mto wa kochi. Ndiyo ile ile aliyoitaka Dokta tangu mwanzo, ya bei nafuu, inayotosha watu kumi na mmoja na kubaki. Kwa amri ya Baraza iliwekwa ndani ya Uso Kamili, kando ya ile ya pembe nane, skrubu nne zikakazwa. Taa zake za kijani zilionekana kidogo kupitia tundu la waya, zikipepesa gizani. Mama Atupele alijaribu simu yake, akairudisha mfukoni.

"Dokta," aliuliza Bibi Tabitha kutoka kitini, "hiki nacho kimekufa?"

"Kinahitaji pembe zaidi, mama."

Bibi Tabitha aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa ameona mengi, na alijua mtu anapoomba aachwe.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha, ile ya matone mazito inayokuja bila upepo. Ilipiga mapaa yote ya mtaa kwa sauti moja, isipokuwa mahali pamoja ng'ambo ya ukuta, kwa Bi Mwajabu, ambapo sauti ilikuwa ya maji yanayoanguka juu ya sakafu, na ya watoto wakisogeza vitu, na ya miguu ya cherehani ikiburuzwa. Ndani kwa Dokta wapwa walikuwa wakisukumana kwenye tundu. Mlezi alitabasamu juu ya vichwa vyao, mkavu.

Atupele akasimama. Akaingia uani, akarudi na beseni kubwa la kufulia, akasimama nalo mlangoni.

"Baba," alisema. "Nina swali moja tu. Bati linazuia nini?"

Mama yake aligeuza uso. Wapwa waliacha kusukumana. Dokta Mbwilo alitazama dirisha; benchi la kahawa lilikuwa tupu, limelowa, hakukuwa na mtu wa kumsikia. Hata hivyo alipunguza sauti.

"Mvua," alisema. "Bati linazuia mvua."

Atupele aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyepata alichokuja kukitafuta, akaliweka beseni kichwani, akatoka.